Utulivu kwa Herufi za Shaba

Mikono ya kaka mtu haikujua kukaa. Alikuwa fundi saa maisha yake yote, na presha ya macho ilipomzimia taa zote mbili, mikono haikupewa taarifa. Iliendelea kukaza parafujo zisizokuwepo, mezani, magotini, hata kwenye kikombe cha chai. Dada yake, mhudumu wa chumba cha kusomea katika maktaba kuu ya wilaya, alijua kitu kimoja tu kilichoiweza: kusomewa.

Basi kila alasiri kaka alikuja na fimbo yake, akakaa kona ya mwisho, kando ya magazeti, na dada akamsomea kwa sauti ya chini. Wengine wakajisogeza. Mshona viatu ambaye shule ilimpita kushoto. Mama muuza mboga ambaye macho yalikuwa yamechakaa kabla ya miguu. Ndio waliombandika dada jina la Kasuku, na kaka akalidaka.

"Kasuku, leo umechelewa. Au umeshasoma mbele kwa siri?"

"Kaka, hebu nipumue kwanza."

"Pumua huku unasoma. Wenzako wanafanya yote mawili."

Dada akishafungua ukurasa, ile mikono ilitua juu ya meza kama ndege waliochoka, ikabaki hapo mpaka sura iishe.

Dada aliwahi kujaribu kumsomea nyumbani, kwenye chumba ambacho kaka alipewa kwa mwanawe. Kaka alimkatiza mstari wa pili. "Funga, mdogo wangu. Hapa mimi ni mgonjwa. Nikifika kule mimi ni msomaji."

Mwaka ule bodi ya maktaba ilipata mwenyekiti mpya, mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye sauti ya kuita majina asubuhi. Akasema chombo kisicho na dira hakiendi kokote. Ikaandikwa dira, ikaandikwa dhamira: maktaba ni ya kila mtu. Yakabaki maadili ya msingi, na wafanyakazi wakaombwa kila mmoja atoe neno moja. Wengi waliandika uadilifu, maana ndilo neno lisilomgombanisha mtu na mkubwa wake. Dada aliwaza ile mikono ikitua. Akaandika: Utulivu.

Mama Mwenyekiti alilipenda mpaka akasimama. Dada akapigiwa makofi, akapewa kikombe chenye nembo. Maneno manne yakagongwa ukutani kwa herufi za shaba, kukabili mlango: Uadilifu, Usawa, Huduma, Utulivu. Kaka alipelekwa akalipapasa neno la dada yake kwa vidole, herufi moja moja.

"U yako inacheza," akasema. "Kuna parafujo hawakuikaza. Neno zuri, ila lina jino bovu."

Wakacheka, wote wawili.

Miongoni mwa wajumbe wa bodi alikuwamo mwanasheria mmoja aliyependa kuandalia kesi zake pale chumbani, maana ofisi yake ilitazamana na karakana. Kelele za nyundo alizikimbia. Sauti ya Kasuku akaiona ndiyo nyundo. Akaleta hoja: usomaji wa kutoa sauti unavunja adili la nne la maktaba.

Kikao kilikuwa cha wazi. Mwananchi aliruhusiwa dakika tatu, na kengele ndogo ya shaba mezani ndiyo hakimu. Kaka akasimama, mikono ikimchezea kwenye fimbo.

"Waheshimiwa, siwaoni, lakini nawasikia mnavyofungua biskuti." Watu wakacheka. "Dhamira yenu inasema maktaba ni ya kila mtu. Mimi kitabu nikikishika ni tofali. Huyu dada yangu akifungua kinywa, tofali linakuwa nyumba, naingia, nakaa. Sasa mkimfumba kinywa..."

Kengele ikalia.

"Muda wako umekwisha, mzee wetu," akasema Mama Mwenyekiti.

"Bado. Naisikia saa yenu ya ukutani. Inachechemea, lakini haijafa."

"Kanuni ni kanuni, mzee. Kaa." Kisha akamgeukia dada. "Neno ni la kwako, mama. Tusaidie. Ulimaanisha nini?"

Dada akasimama. Hakudanganya. "Nilimaanisha mikono ya kaka yangu. Akisomewa, inatulia."

Mwanasheria akatabasamu. "Kwa hiyo wilaya nzima iongozwe na vidole vya mzee mmoja?"

Kicheko kikapasuka, na waliocheka zaidi ni wale wale waliokuwa wamempigia makofi.

"Ukishatoa neno, mama, si lako tena," akasema Mama Mwenyekiti, kwa upole kabisa. "Ni la bodi. Na kwa bodi, utulivu ni watu kunyamaza. Wanaoafiki hoja?"

Kaka akaegemea kwa dada. "Mikono mingapi?"

"Yote."

"Basi wahesabu na yangu. Ipo hewani siku zote."

Mwanasheria hakutosheka. Akapendekeza kwamba, kwa kuwa neno lilitoka kwake, mhudumu yule yule ndiye alilinde. Bodi ikaona ni heshima. Siku chache baadaye dada alivalishwa beji kifuani: Mlinzi wa Utulivu. Kazi yake ikawa kuzunguka kati ya meza na kuwanyamazisha watu.

Mshona viatu hakurudi. Muuza mboga alirudi mara moja, akatazama picha za gazeti, akaondoka. Kaka peke yake ndiye aliyeendelea kuja. Alikaa kona yake mikono mitupu, vidole vikifungua na kufunga hewa. Kitabu chao kilikuwa kimekatika pabaya: kijana aliyeuza kiwanja cha mama yake kwa hila amerudi usiku wa mvua, anabisha hodi, na mama yuko macho nyuma ya mlango.

Alasiri moja, dada alipopita, kaka akainama upande wa nyayo zake.

"Kasuku," akanong'ona. "Yule mama. Alimfungulia mwanawe?"

Mwanasheria akainua kichwa kutoka kwenye mafaili yake. Dada akaweka kidole mdomoni. Kisha akakumbuka kwamba kidole, kwa kaka, si kitu. Ikabidi katazo litoke kwa sauti.

"Shhh."

Mikono ya kaka ikasimama. Haikutua, ilisimama tu, kama saa iliyoishiwa.

"Sawa, mhudumu," akasema.

Hakusema Kasuku. Hakusema mdogo wangu. Akatafuta fimbo, akaenda zake, na hakuja tena.

Dada alimfuata nyumbani na jibu lake mdomoni, maana alikwishasoma mbele. Kaka hakutaka. "Siyo hapa," akasema, akigeukia ukuta. "Utaniambia kule, wakikuruhusu."

Hawakumruhusu, na kifo hakikungoja kikao. Waliomwosha walisema vidole vilikataa kunyooka. Vilijikunja kana kwamba vimeshika bisibisi.

Bodi ilipokutana tena, Mama Mwenyekiti aliomba wote wasimame. Akamtaja marehemu kuwa msomaji mwaminifu aliyeyaishi maadili ya maktaba, hususan la nne. "Tumpe dakika moja ya kimya."

Wakainamisha vichwa. Saa ya ukutani ikachechemea. Simu ya mwanasheria ikaita. Akaipokea, akatoka akizungumza kwa sauti mambo ya rufaa, na hakuna aliyemgeukia.

Dada alikuwa amesimama chini ya herufi za shaba, beji kifuani. U bado ilikuwa imelegea. Akafungua kinywa.

"Hakumfungulia, kaka," akasema, kwa ile sauti yake ya alasiri. "Alimsikia akibisha mpaka mvua ikakatika. Hakumfungulia."

Mama Mwenyekiti hakuinua kichwa, wala hakufumbua macho.

"Shhh," akasema.