Neno Ambalo Zaituni Hakupewa

Watu wa Kivu wanajua kuficha safari. Mtu atakuambia anaenda sokoni, kumbe sanduku lake limefungwa tangu juzi chini ya kitanda. Wiki mbili baadaye unasikia yuko Nairobi, amefika salama, anasalimu wote. Ndivyo tulivyolelewa: safari ikitajwa kabla mtu hajafika, jicho baya litaikata katikati. Kasoki aliitoa tabia hiyo Bukavu, akapanda nayo ndege mpaka Brussels, akaingia nayo katika jumba la orofa tisa kule Berchem-Sainte-Agathe. Wewe mama unayesoma, soma polepole, maana yaliyompata hayakutoka mbali.

Ilikuwa mwaka 1996, mwezi wa kumi ndiyo kwanza unaanza. Kasoki alikuwa na mwaka wa tatu Ubelgiji. Kazi yake ilikuwa kumtunza bibi mmoja mzee wa Kibelgiji: kumwogesha, kumlisha, kumsikiliza akisimulia vita vya zamani. Mtoto wa pekee wa Kasoki, Priscille, wa miaka kumi na mitano, alikuwa amebaki Bukavu kwa koko yake, yaani mama mzazi wa Kasoki.

Chumbani mwa Kasoki hamkuwa na simu. Simu ilikuwa orofa ya chini, kwa Zaituni, mama mmoja Mwislamu wa Bujumbura, mwenye roho safi na sauti kubwa. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi saa kumi kamili ya mchana, Priscille alikwenda kupiga simu kwa mfanyabiashara mmoja mwenye simu ya antena juu ya paa. Saa hiyo Kasoki alishakaa kitambo kwenye kiti kidogo cha korido ya Zaituni, mikono juu ya magoti kama mtu anayengoja daktari.

Wiki mbili kabla ya hapo, Jumamosi ya mwezi wa tisa, mtoto alikuja na jambo.

"Maman, tonton Hervé wa nyumba ya jirani anaondoka. Dimanche, Jumapili tarehe sita, anapanda boti ya Goma, kisha Kampala. Hapa watu wanasema vita inakuya. Iko na nafasi moja. Anauliza kama niende naye."

"Na koko?"

"Koko miguu yake haiwezi. Anasema ni wewe utasema. Mi nangoja neno yako, maman. Usiposema, sitamwacha peke yake."

Kasoki akageuza uso ukutani ili Zaituni asisikie. Kumtoa mtoto ni kumwacha mama yake peke yake na mlango usio na mtu wa kuufunga. Kumwacha mtoto ni kumwacha katika moto.

"Nipe wiki mbili. Siku utakapopiga, bado kutakuwa siku moja kabla ya boti. Nitakujibu. Na usiambie muntu yeyote."

Alipoweka simu chini, Zaituni alitokea jikoni na kijiko mkononi. "Kuna nini huko, maman Priscille? Mbona umekuwa majivu?"

"Hakuna. Ni salamu tu."

Sasa wiki ile ya safari ya Hervé, watoto wa yule bibi mzee wakampeleka baharini kupumzika, na Kasoki akabaki bila kazi na bila mtu. Siku mbili hakutoa sauti yake, ila kusema pardon ndani ya tramu. Siku ya Jumanne akakutana na Mathilde pale Porte de Namur.

Mathilde naye ni wa Bukavu, lakini alikuwa na miaka kumi na miwili Brussels. Alikaa Etterbeek, alisafisha maofisi, alikuwa na Renault ya zamani, nyeupe, yenye kiti cha nyuma kilichofunikwa kwa kitenge. Alikuwa mkubwa, kwa hiyo Kasoki alimwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Ma chère, jiangalie," Mathilde akamwambia. "Unatembea kati ya kitanda ya bibi na kitanda yako. Mi niko na congé, siku za kupumzika. Kesho ninakuchukua, tunaenda kuona France, polepole, bila autoroute, zile barabara kubwa. Vendredi, Ijumaa jioni, tuko Bruxelles."

"Vendredi kabisa, yaya? Samedi niko na simu."

"Kabisa, kabisa. Mimi ni muntu ya kusema uongo?"

Asubuhi ya Jumatano Zaituni alikuwa mlangoni na mfuko wa takataka. Akaliona begi. "Unaenda wapi, jirani?"

"Ninatoka kidogo," akasema Kasoki, akapita.

Nchi ile ya Wafaransa ni nzuri, nisidanganye. Walivuka mpaka bila kujua kama ni mpaka, kibanda cha polisi kitupu, vioo vimejaa vumbi. Barabara ilikuwa nyembamba, miti imepangwa pande zote mbili. Mathilde aliendesha kama anayesukuma mtoto kwenye kigari. Akiona kanisa anasimama. Akiona ng'ombe anasimama pia, anawasalimia kwa Kishi, lugha ya kwao, na ng'ombe wanamtazama tu.

"Ona, hata hawajibu. Wafaransa hawa!" Akacheka mpaka gari likayumba. "Na watu beko wapi? Kijiji kizima, hata mbwa analala sieste."

Walikula pondu, majani ya muhogo, na mkate wake wa chikwangue kando ya mto, juu ya kitenge. Walilala kwenye vyumba vya kupangisha, kwa mama mmoja mjane aliyewaonyesha picha za wajukuu wake wasiokuja. Kasoki alicheka pale inapotakiwa kucheka. Lakini uzuri ule ulimrudisha nyumbani. Akiona kilima anakumbuka Kabare ya kwao, akikumbuka Kabare anamwona Priscille amebeba ndoo. Mtu anaweza kuwa peke yake hata akiwa amekaa goti kwa goti na rafiki ndani ya gari dogo. Kasoki alilijua hilo siku ile.

Alhamisi mchana walipita mashamba ya zabibu. Watu walikuwa wanavuna, wameinama kwenye mistari. Mama mmoja alijinyoosha mgongo, akamwita msichana wake aliyekuwa mbali kule mwisho wa mstari. Msichana akaja mbio. Ni hayo tu. Lakini moyo wa Kasoki ukakata shauri hapo hapo: mtoto aende. Koko atatafutiwa mtu wa kukaa naye. Koko mwenyewe, kama angekuwa na miguu, angemsukuma mtoto botini. Akahisi kama amewekewa maji ya baridi kichwani. Akafungua mdomo amwambie Mathilde, kisha akaufunga. Safari ya mtoto haisemwi. Akifika Kampala, basi, watasema wote na watakunywa.

Ijumaa, walipokuwa wakifunga mabegi, Mathilde akarudi kutoka kununua mkate na furaha usoni. "Kesho asubuhi kuko brocante hapa! Wanauza vitu vya zamani barabarani. Tunalala leo tena, tunaangalia kidogo, saa nne tunaondoka."

"Yaya, simu yangu."

"Ni saa ngapi?"

"Seize heures, saa kumi."

"Quinze heures, saa tisa, tutakuwa tumefika, utakuwa unakunywa chai kwa Zaituni wako." Kisha akamtazama. "Ni simu ya nini sana?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Ulikuwa wazi kabisa, mama, alikuwa na kazi ya kupita tu. Lakini gari si lake. Na kwetu, aliyebebwa hamwambii mwenye gari namna ya kushika njia. Na ile siri ilikuwa imeshikamana na meno yake.

"Ni salamu tu," akasema.

Jumamosi saa nne Mathilde alikuwa bado anachagua sahani. Saa sita alikuwa anabishana na mzee mmoja juu ya saa ya ukutani isiyotembea. Walipoondoka ilikuwa saa saba na nusu, na mbele yao trekta ya zabibu, na mbele ya trekta ile trekta nyingine.

Saa nane Kasoki akasema, "Yaya, simama. Kuna cabine ya simu pale."

Alikuwa na kadi yake ya simu kutoka Ubelgiji. Akaiingiza. Mashine ikaitema. Akaifuta kwenye sketi, akaiingiza tena, ikaitema tena. Alikuwa anafikiri, kwa kuwa mpaka umeondolewa, basi umeondolewa kwa vitu vyote. Kumbe simu zilikuwa bado zinajua nani ni wa wapi. Duka la sigara linalouza kadi za kule lilikuwa limefungwa, pazia la chuma mpaka chini. Nyumba zilikuwepo, na mapazia meupe, na nyuma ya pazia moja uso wa mtu ulimtazama na ukaondoka. Akashindwa kugonga.

"Tutafute café mbele?" Mathilde akauliza. "Nadhani watakuwa na simu."

Kasoki akahesabu dakika. Akafikiri pia jambo jingine, na hili ndilo alilojilaumu nalo baadaye kuliko yote: akipata simu, mtoto atakuwa hajafika kwa mfanyabiashara, itambidi amwambie Zaituni lile neno, na Zaituni ana sauti kubwa.

"Twende tu. Tutafika."

Saa kumi kamili walikuwa bado Ardennes, msitu umefunga barabara kulia na kushoto. Kasoki aliiona saa ya gari ikigeuka. Akaweka mikono juu ya magoti, kama kwenye kile kiti cha korido.

"Kasoki? Una nini?"

"Anapiga sasa hivi. Kesho kuko boti. Anangoja niseme aende."

Mathilde akasimamisha gari katikati ya njia. "Aende wapi? Boti gani?"

Ndipo akasema yote. Hervé, Kampala, koko, neno.

"Na hukuniambia?" Sauti ya Mathilde ilipanda kisha ikavunjika. "Siku ine tuko wote, tunakula sahani moja! Ningejua, vendredi ningeendesha bila kukojoa! Ningeacha sahani, ningeacha kila kitu!" Akapiga usukani kwa kiganja. Kisha akasema polepole, akitazama mbele: "Mi sikutaka kurudi. Tangu Modeste, bwana yangu, ameenda, ninafungua mlango pale Etterbeek, ninasema bonjour, hakuna muntu. Nilikuwa natafuta siku moja zaidi. Basi sisi wawili tumeficha."

Akawasha gari, akaendesha mpaka Brussels bila kusimama.

Zaituni aliwafungulia kabla hawajagonga. "Maman Priscille! Ulikuwa wapi? Mtoto amepiga mara tatu. Nikamwambia maman ametoka na begi tangu Jumatano, hakuniaga. Akaniuliza, ‘Maman hakuacha neno?’ Nikamwambia, mwanangu, hakuacha. Nikafikiri laini imekatika. Halafu akasema, ‘Bon. Mumwambie nimesikia.’" Zaituni alimtazama usoni. "Kulikuwa na neno? Si ungeniachia tu? Ningemwambia mara kumi."

Neno lenyewe lilikuwa moja. Nenda. Hata kwa sauti kubwa ya Zaituni lingechukua muda mdogo kuliko kupiga chafya.

Walijaribu kupiga namba ya yule mfanyabiashara jioni ile na asubuhi iliyofuata. Ililia bila kupokewa; Jumapili duka lilikuwa limefungwa. Boti iliondoka. Jumanne walimpata, akasema msichana yupo kwa koko yake, ndiyo, alimwona kisimani. Kasoki akaacha ujumbe aje kwenye simu Jumamosi. Jumamosi laini haikushika. Na kabla mwezi haujaisha vita ikaingia Bukavu, na ile antena ikanyamaza.

Miezi mitano Kasoki alikaa kwenye kile kiti. Si kila wiki mbili, kila Jumamosi, na siku nyingine pia. Zaituni alimwekea mto. Mathilde alikuja na chakula, akakaa chini sakafuni.

Simu ilipolia mwezi wa tatu wa 1997, sauti ilikuwa imekuwa nzito.

"Maman. Mi niko. Nimerudi Bukavu. Koko alibaki njiani, upande wa Bunyakiri. Tulimzika mi na watu sikuwajua."

"Priscille, mtoto wangu, siku ile..."

"Nilingoja neno yako, maman."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki. Na Kasoki, aliyepanga maneno miezi mitano, hakuweza kusema nilikuwa Ufaransa natazama ng'ombe.

Karatasi zilichukua miaka miwili. Priscille alishuka Brussels mwaka 1999, mrefu, mtaratibu, mwenye adabu. Husafisha sahani bila kuambiwa. Hujibu ndiyo maman, hapana maman. Kasoki amebadilika, siku hizi husema kila kitu. Akienda kununua mkate humwambia Zaituni, huandika karatasi mlangoni, huacha namba mbili. Watu wa kwetu pale jengoni humcheka: "Maman Kasoki anatangaza mpaka njia ya choo!" Huwaacha wacheke. Amenunua simu yake mwenyewe, imewekwa karibu na dirisha.

Jumamosi, baada ya chakula, Priscille huvaa koti.

"Unaenda wapi, mtoto wangu?"

"Ninatoka kidogo."

Mlango hufungwa polepole, kwa heshima. Kasoki husikiliza lifti ikishuka mpaka chini. Kisha huinua simu, aone kama bado ina sauti, huirudisha, na kukaa kando yake, mikono juu ya magoti.