Meza Iliyorudi Mpakani

Alhamisi moja ya Julai 1954, Fundi Yunusu wa Idodi alikuwa akiipiga randa meza mpya ya baraza la kesi. Droo zilikuwa za mkangazi, mti usioliwa na wadudu. Uso na miguu ilikuwa ya mninga, usiopinda hata uanikwe juani. Ila mninga huu uliletwa mbichi, na kila randa ilipopita ulitoa utomvu mwekundu. Kwenye ubao mmoja yalionekana makovu matatu ya shoka, yaliyomezwa na mti zamani. Yunusu aliyatambua. Yalipigwa na marehemu baba yake Juliana, mjane wa hapo Idodi, kuonyesha shamba lake linapoishia.

"Jumbe, mti huu umekatwa wapi?"

"Porini," akajibu Jumbe Liberatus, aliyekuja kuitazama meza aliyoiagiza. "Wewe fundi au bwana shamba? Kibali chako cha kupasua mbao nakiandika mimi. Maliza. Jumatatu kuna kesi."

Kesi yenyewe ilikuwa ya Juliana, akimdai Jumbe huyo huyo shamba hilo hilo.

Jumatatu asubuhi meza haikuwamo barazani. Droo zilibaki sakafuni. Mkangazi ulitoka milima ya Uzungwa, haukuwa na ugomvi Idodi. Alama za miguu ya mraba, nne nne, zilitoka mlangoni zikafuata njia ya mashambani. Hakimu akavaa kofia, watu wakafuatana naye. Waliikuta mpakani, imesimama juu ya kisiki cha mninga, miguu imekizunguka na kuzama ardhini, imechipua majani.

"Shahidi wangu kaniwahi," Juliana akasema.

Hakimu akamwita fundi. "Hiki nini?"

Yunusu alimtazama Jumbe.

"Mninga wa mpaka, Bwana Hakimu. Makovu ya shoka la baba yake Juliana haya hapa."

Jumbe akacheka. "Fundi, mimi nilikuagiza mti?"

"Hapana. Meza."

"Umenitengenezea nini?"

"Meza."

Hakimu aliyasogeza majani, akaweka daftari juu ya meza hiyo hiyo, akaandika kwamba mpakani haukuonekana mti wowote, ila samani ya serikali. Shamba ni la Jumbe. Ikabidi Hakimu asubiri, maana utomvu ulichelewesha wino kukauka.

Wanaume sita waliing'oa. Juliana alihamia kwa dada yake, huko Nyololo, na Yunusu akanyimwa kibali cha kupasua mbao. Meza ikafungwa mnyororo barazani. Kila mvua za kwanza zikinyesha Yunusu huitwa, akaikata matawi, akapaka vanishi penye vidonda, na kesi zikaendelea.