Shangazi Ndani ya Ubao wa Kuchorea

Asubuhi hiyo Fundi wa programu alifungua dirisha la programu ya barabara kwenye kompyuta yake, akakuta weupe mtupu. Ubao wa kuchorea alioutengeneza wiki nzima haukuonekana. Alikuna kichwa, akasoma upya alichoandika, akaliona kosa: ubao alikuwa ameuunda, ameupa upana na urefu, ameupachika katikati ya dirisha, ila hakuuamuru uonekane. Kompyuta haifanyi jambo ambalo haikutumwa, na katika ofisi ile ya mipango miji ndiyo peke yake iliyokuwa na kisingizio hicho. Akaongeza mstari mmoja, ubao ukatokea.

Ubao ulikuwa agizo la Mkurugenzi. Wachora ramani walimchosha kwa kumuuliza vipimo, naye alitaka kuchora barabara mwenyewe, ameketi, bila kubishiwa na mtu aliyefika kwenye eneo lenyewe. Tangu akalie kiti kile hakuwahi kuchafua kiatu.

Ili kuujaribu, Fundi alichora nyumba ya shangazi yake katika mtaa uliopangiwa barabara, vyumba viwili na kibaraza cha kushonea. Ndiko alikolelewa, na ndiyo nyumba pekee aliyoweza kuichora bila kuitazama. Kisha akaitwa kikaoni, akasahau kuifuta.

Kikaoni Mkurugenzi alivaa miwani, akakibana kipanya kama mtu anayekamua limau. Kwanza alichora baa ya shemeji yake, maana katika mtaa ule hakujua kingine. Barabara aliianza vizuri, imenyooka. Ilipoikaribia baa ilipinda ghafla, ikaizunguka kwa adabu zote, ikapita katikati ya nyumba ya shangazi. Wakuu wa idara wakapiga makofi. Mmoja wao alisema kona ile ina mvuto wa kipekee, na huyo ndiye aliyekuwa msomi wao.

Hapo shangazi akatokea ubaoni, mdogo kama punje ya haragwe, amekaa kwenye cherehani yake, akiuliza nani kampitishia mstari kitandani. Fundi alimwamkia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyenichora humu?"

"Nyumba ni mimi. Barabara ni ya bosi."

Shangazi akamgeukia Mkurugenzi, akamwomba ainyooshe barabara yake kama alivyoianza. Mkurugenzi akakisukuma kipanya mbele ya Fundi. Akamwambia kwamba programu ina kasoro, michoro inaongea. Mkuu wa uhasibu alisema toleo jipya la kitu chochote huanza hivyo hivyo.

Fundi alikuwa na nafasi yake. Kipanya kilikuwa mbele yake, na kuunyoosha ule mstari ilikuwa kazi ya kupepesa jicho. Lakini mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha, na Mkurugenzi alikuwa anamtazama. Moyo ulimuuma, tena ulimuuma kweli, na mkono ukabaki mapajani.

Mkurugenzi akakirudisha kipanya kwake, akaongeza unene wa kalamu ili amfunike mwanamke yule. Shangazi akasogeza cherehani kando. Kalamu ikanenepa tena, shangazi akasogea tena, akakusanya na vitambaa vyake. Mwishowe Mkurugenzi alichoka, mchoro ukapitishwa na mtu ndani yake, na katibu akaandika kwamba wananchi wameshirikishwa.

Matingatinga yalipofika hayakukuta mtu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na pale pa cherehani palibaki alama za miguu yake sakafuni. Yakabomoa. Nyumba ikawa imebaki ubaoni tu, na shangazi akaendelea kuishi humo.

Ofisini walimzoea upesi. Kila asubuhi dirisha lilipofunguliwa walimjulia hali, kisha wakachora barabara nyingine huku wakimwomba asogee kidogo. Haukupita muda wakaanza kumletea nguo. Shati liliingia kwenye skrini limechanika, likatoka limeshonwa. Shemeji wa Mkurugenzi alileta vitambaa vya meza vya baa yake, akaacha na maelekezo. Mkurugenzi mwenyewe alileta suruali ziongezwe kiuno, akawaambia wageni kwamba huo ndio uzuri wa teknolojia.

Barabara ikazinduliwa kwa utepe na hotuba. Magari yakaanza kugongana kwenye kona, ikaundwa kamati ya kuchunguza madereva. Baa ilipata wateja zaidi, kwa kuwa waliogongana walihitaji mahali pa kukaa wakigombana.

Mchana mmoja, wenzake walipokwenda kula, Fundi alisogeza kiti karibu na skrini. Akamwambia shangazi kwamba amepata namna ya kumtoa, kila kitu kiko tayari, aseme tu lini.

"Nitoke niende wapi, mwanangu?" shangazi aliuliza, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Kitandani kwangu kunapita malori."

Fundi alitaka kuomba radhi, akaishia kufuta vumbi kwenye skrini. Alikaa akimtazama akishona, mpaka Mkurugenzi alipochungulia mlangoni, akauliza kama suruali yake imekwisha.

"Bado kidogo, bosi," alisema Fundi. "Inapigwa pasi."