Kiti Kilichokwenda Kuchagua Mashine

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na tusimtafutie wakili. Mwenyewe Mzee Povu hakatai. Ukimuuliza atakwambia ndiyo, mjinga nilikuwa mimi, halafu ataongeza kwamba hata hivyo hoja alikuwa nayo. Hapo ndipo mkewe huacha cherehani na kumtazama juu ya miwani mpaka hoja yenyewe irudi kooni ilikotoka.

Jina la Povu alilipata kazini. Miaka yote ya nguvu zake aliosha malori kwenye yadi ya mizigo, kwa mashine ya presha yenye ukubwa wa ndama na mngurumo wa kuamsha wafu. Tope lililokauka chini ya lori si kitu cha kubembelezwa. Unalisogelea, unaliwekea mtutu karibu kama mtu anayenong'ona siri, unafyatua, linabanduka vipande vipande. Hiyo ndiyo elimu aliyostaafu nayo, pamoja na sikio moja zito na magoti yanayolia kila akiinama.

Mkewe alikuwa mshonaji, na barazani ndipo palipokuwa ofisi yake. Cherehani dirishani, viti viwili vya kusukwa kwa mipira ya plastiki kwa ajili ya wateja, na ngazi nne za saruji za kushukia njiani. Mvua za mwaka ule zilikawia kukatika, ngazi zikaota ukoga wa kijani, laini kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Mke akasugua kwa brashi mpaka mgongo ukagoma. Mume akasugua mpaka magoti yakagoma. Ukoga haukugoma.

Ndipo akaja mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mwanamke wa umbo na heshima zake, kuulizia sare za shule nzima. Ngazi ya pili ikamtelezesha. Hakuanguka, aliwahi kushika nguzo ya baraza, ila kiatu kimoja kilibaki chini. Alipokwisha kukivaa alisema kwa upole, ule upole wa walimu unaouma kuliko fimbo:

"Mama, Jumatatu nitakuja kuona sampuli. Nikizikuta ngazi ziko hivi, nitazitazama nikiwa chini, kisha nitaendelea mpaka kwa yule fundi wa kule kona."

Sare za shule nzima. Mshonaji aligeuka kitandani usiku kucha kama chapati kwenye kikaango, na Jumamosi asubuhi akakata shauri kwamba mashine ya kuoshea ngazi inanunuliwa leo.

Povu alichangamka kama aliyeitwa kazini upya. "Mashine niachie mimi, mama watoto. Hilo ndilo somo langu."

"Nakuachia," mkewe alisema. "Ila beba kiti."

Kiti kilihitaji kubebwa kwa sababu mama yule hanunui kitu bila kukikutanisha na kile kitakachofanya nacho kazi. Akienda kununua zipu, gauni liko kwapani. Akitaka kifuniko, sufuria inatangulia dukani. Siku waliyonunua godoro, Povu alilazimika kuapa ndipo kitanda kikabaki nyumbani.

Basi Povu akakitwika kimoja cha vile viti, kile chenye ukoga wa miaka, miguu juu, wakashika njia. Kinyozi aliyekaa mlangoni kwake akauliza, "Mzee, mnahama?"

"Tunahama kidogokidogo. Leo kiti, mwezi ujao meza. Mke wangu nitamhamisha mwisho, yule ni mzito."

"Nasikia," mkewe alisema nyuma yake.

Dukani walipokewa na binti muuzaji aliyevaa aproni. Akakitazama kiti. "Karibuni. Mmekuja kurudisha?"

"Hatukukinunua hapa," alisema Povu. "Kimekuja kuchagua mashine."

Binti akacheka, kisha akauliza ya maana. Wanataka kuosha nini? Ngazi, baraza na viti. Maji? Bomba la uani, lenye kutoa maji kwa hisani. Umeme? Soketi ya dirishani, ile ya cherehani. Akatoa mashine ndogo ya magurudumu mawili, waya mrefu, mtutu mwepesi, na pua za kubadilisha: moja ya kutandaza maji kama feni, nyingine ya kuyatoa kama uzi.

Povu aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaishusha kwa huruma. "Binti yangu, hii ni ya kuoshea meno."

"Baba, kwa kazi ndogo za nyumbani inatosha na kubaki. Ile kubwa pale ni ya gereji."

"Ile pale ndiyo tunayojuana."

"Na nani atakuwa anaisukuma?"

"Mimi," alisema Povu. Mkewe akakohoa. Tangu astaafu, Povu hakuwa ameosha kitu kizito kuliko kikombe.

Nyuma ya duka kulikuwa na uwanja mdogo wa kujaribia. Povu akaivuta ile kubwa mwenyewe, akachomeka pua ya uzi, akakunja mikono ya shati.

"Baba, simama mbali kidogo," binti alisema. "Na anza na pua ya feni."

"Mwanangu, nimeosha malori kabla mama yako hajaolewa."

Akasogea. Akaweka mtutu karibu na kiti kama anayenong'ona siri. Akafyatua.

Kiti kiliruka nyuma, kikapiga mweleka, kikalala chali miguu ikitazama mbingu. Povu alikuwa amelowa mpaka kwenye mkanda. Ukoga ulikuwa umetoka, hilo halina ubishi, ila ulitoka pamoja na mahali ulipokuwa umekaa. Katikati ya kiti palibaki tundu la kuingiza sahani.

Mshonaji akakiinua kiti, akapenyeza mkono tunduni, akampungia mumewe kutoka upande wa pili.

"Hapa angekaa mwalimu mkuu," alisema.

Povu hakuwa anakiwaza kiti. Alizikumbuka zile ngazi nne, alizozijenga kwa mikono yake mwenyewe mwaka ule saruji ilipoadimika, akazidisha mchanga na kumwambia mkewe kwamba fundi hafundishwi. Ngazi zile mbele ya mtutu huu zingerudi kuwa mchanga kabla ya adhuhuri, na Jumatatu mwalimu mkuu angepandishwa barazani kwa kamba. Akaizima mashine polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Mkewe alikuwa ameshashika ile ndogo. Alirudi nyuma hatua mbili, pua ya feni, akapitisha maji kwenye mkono wa kiti, kwenda na kurudi, kama anayepiga pasi. Kijani kikateremka. Chini yake ikatokea rangi nyingine.

"Kumbe ni cha bluu," alisema, akainama kuhakikisha. "Miaka yote hii nawaambia wateja kaeni kwenye kile cha kijani."

Wakanunua ndogo. Kurudi, Povu alikitwika kiti kama alivyokuja nacho, lakini safari hii kichwa kilizama tunduni mpaka kwenye nyusi. Yule kinyozi akauliza kama wameghairi kuhama. Mzee Povu, mwenye jibu kwa kila mtu mtaani, akaongeza mwendo.

Alasiri ile mshonaji aliosha ngazi zote amesimama wima, mgongo umenyooka, akiimba. Povu alipewa cheo cha kushika mpira wa maji usijikunje. Saruji yake yenye mchanga mwingi ilivumilia vizuri, na alipopita pekupeku juu yake, ilimkwaruza kama ngazi mpya. Kiti kilichotoboka kikashonewa kiraka cha kitambaa cha sare, kikatangazwa kuwa cha baba mwenye nyumba.

Jumatatu mwalimu mkuu alisimama chini. Akaigusa ngazi ya kwanza kwa ncha ya kiatu. Akaigusa ya pili, ile iliyomfanyia jeuri. Kisha akapanda zote nne bila kushika kitu, akakaa kwenye kiti kizima, akaigeuza sampuli nje ndani kuona mishono.

"Anza na darasa la kwanza," alisema mwishowe. "Wiki ijayo nitakuletea vipimo vya waliobaki."

Mshonaji akaitikia kwa kichwa tu, asije akacheka kwa furaha mbele ya mteja. Povu naye, ameketi juu ya kiraka chake, moyo umetulia, angeweza kunyamaza. Lakini mdomo ule haukuzoea likizo.

"Na hapo, mwalimu, mke wangu alichagua ndogo. Tungechukua ile kubwa niliyoitaka mimi, ungeona kazi. Ile inaosha lori zima."

Mkewe alikata uzi kwa meno, hata macho hakuinua.

"Siku lori litakapopanda hizi ngazi kuja kupimwa sketi, baba watoto, nitakununulia."