Mtoto Aliyecheua Mbuzi

Sonia alipofikisha siku sita, yapata saa sita na robo mchana, mama yake Soraya alimweka begani baada ya kumnyonyesha, akampiga mgongoni taratibu, na mtoto akacheua mbuzi wa kuchoma. Tena si mbuzi hivi hivi. Ilikuwa harufu ya mbavu, upande wenye mafuta, na kitunguu, na pilipili. Soraya alinusa mara ya pili ili asimsingizie mtoto. Kisha akarudi kwenye kinu, maana sombe, majani ya muhogo, haijitwangi.

Mwanamke wa pale Wamaza hashangai ovyo. Lakini roho ilimuuma, ilimuuma sana, kwa sababu yeye alikuwa hajatia mbuzi mdomoni mwaka mzima na zaidi. Mume wake, Bulaimu, alikuwa Salamabila akichimba dhahabu, na kila aliyetoka huko kwa pikipiki alileta salamu zile zile: "Bulaimu anasema kule wanakula bugali na chumvi. Mutume mawese." Soraya akatuma mawese. Alituma dumu baada ya dumu, na karanga, na samaki wakavu, mwenyewe akabaki na sombe isiyo na tone la mafuta. Bulaimu alipokuja kupumzika majuma mawili, mashavu yalimng'aa. Alisema ni hewa ya mlimani. Akamwachia mkewe mimba ya Sonia, akarudi shimoni.

Sasa mtoto alikuwa anatoa siri zote. Jumatatu alicheua sardini, Alhamisi wali na maharage, Ijumaa mbuzi. Kuanzia kitovu kwenda juu alikuwa mnene, na mawese yalimtoka kwenye paji la uso. Soraya aliyapangusa kwa kitambaa, akayakamulia kwenye sufuria, na sombe yake ikaonja mafuta. Kuanzia kitovu kwenda chini alikuwa mama yake mtupu, miguu myembamba na visigino vikavu vyenye harufu ya sombe. Majirani nao wakaanza kuja saa sita na ugali wao mkononi. Walikaa kando ya mkeka, wakangoja mtoto acheue, wakala kwa harufu hiyo. Hawakukosa adabu, kila mmoja alileta kipande cha sabuni.

Rachelle, muuguzi wa kituo cha afya, alimpima mtoto mara mbili, juu peke yake na chini peke yake.

"Haiko uchawi," akasema. "Mwili ya baba inaandika chakula alikula mbele ya mimba. Ya mama nayo inaandika. Mutoto anasoma tu."

"Huyu anasoma kwa sauti," Soraya akasema.

Bulaimu akaitwa. Alipofika alimkuta kaka yake mkubwa, Ayoubu, ameketi na wazee wa ukoo, na Rachelle kando yao. Hakuna aliyemwuliza kitu. Walimpakatisha mtoto, na mtoto akamcheulia mbuzi usoni. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na urefu wa koo la mtoto mchanga. Bulaimu alitazama chini, akasema labda majirani wamemlisha.

Soraya akapiga magoti mbele ya Ayoubu.

"Baba, mutoto ameshasema yote. Mie naomba kitu moja tu. Leo muchinje kuku, munipe firigisi na paja. Nanyonyesha, na niko na njaa."

Kwenye ukoo ule firigisi na mapaja ni vya mwanamume. Mwanamke hupewa shingo na miguu, tena ashukuru. Wazee walilitafakari jambo hilo mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia. Halafu Ayoubu akakohoa.

"Muke wetu amesema kweli. Chakula ya baba inaingia mu mutoto, tumeona kwa macho na kwa pua. Basi hatuwezi kucheza na chakula ya baba. Kuanzia leo Bulaimu akule firigisi mbili."

"Na mama?" Rachelle akauliza.

"Mama iko karibu na sufuria," Ayoubu akasema kwa upole.

Kuku wawili wakachinjwa. Soraya aliwapika. Bulaimu alikula kwa bidii, kama mtu aliyepewa kazi ya ukoo, na katikati ya kula akamwonea mkewe huruma, akamsogezea shingo moja.

Hasira zilikuwa zimemjaa Soraya mpaka kooni, lakini njaa ilikuwa imetangulia. Alimaliza shingo, akakata tonge la ugali, akampakata Sonia. Visigino vilikuwa vikavu vile vile. Akampiga mgongoni taratibu, akangoja. Mtoto akacheua mbavu, upande wenye mafuta.

Soraya akala.