Chupa Mpya Kabla ya Harusi ya Kabula

Kwa miaka ishirini nimepamba maharusi wa Tabora kwa faundesheni moja, ile rangi ya kupaka usoni, na mwezi uliopita wenye kiwanda wakaamua kuitengeneza upya bila kuniuliza. Chupa ni ile ile, kifuniko kile kile, ila wamebandika maneno: "Mpya na bora zaidi." Maneno hayo hunipandisha presha.

Ningeyavumilia, lakini Jumamosi ilikuwa harusi ya Kabula. Alitoka kwao Lusu miaka sita iliyopita kuja kujifunza kazi saluni kwangu, akabaki kuishi na mimi. Mimi sijazaa, na yeye sikuwahi kumwita mwanangu, nilimwita "wewe binti." Sasa Kornel, mfugaji nyuki wa Ipole, alikuwa anamchukua. Nilimwahidi Kabula kwamba uso wake siku hiyo utawafanya hata walioolewa zamani watamani kuolewa upya.

Basi Jumanne tukaijaribu ile mpya. Kabula ana ngozi ya mafuta. Jirani yangu Najiat, muuza vitenge, ngozi yake ni mchanganyiko, na mimi yangu ni kavu kama chapati ya jana. Tukapakana, tukakaa juani barazani na kahawa, Kabula akiandika matokeo kwenye daftari la saluni.

Kikombe cha pili hakijaisha, uso wa Kabula ukaanza kung'aa, kisha rangi ikateremka na kujikusanya pembeni mwa pua. Mashavu ya Najiat yalitulia, ila paji la uso lilipauka kama amepakwa majivu. Mimi nilipendeza mpaka nikaona haya.

"Wametutengenezea sisi wazee," nikasema.

"Niandike hivyo, mama?"

"Andika: mwenye ngozi kavu, inamfaa."

Nilikuwa na chupa moja ya zamani, imebaki kidogo chini. Nilikuwa nimeificha kwa ajili yangu mwenyewe, maana mpambaji hawezi kwenda harusini amechakaa. Jumamosi asubuhi nikaichana kwa kisu, nikakwangua kwa kijiko, ikatosha uso mmoja na shingo. Nikampaka Kabula. Mimi nikajipaka mpya bila wasiwasi wowote.

Harusini, huko Lusu, nilikaa mstari wa mbele na leso na poda, nikingoja bibi harusi alie. Hakulia. Alicheza mpaka kwenye keki, na rangi usoni haikusogea hata kidogo. Halafu akashika kipaza sauti kushukuru. Akamtaja mama yake, akamtaja shangazi yake, kisha akasema, "Na mama yangu wa Tabora, aliyenipokea nikiwa sijui hata kunawa uso vizuri."

Aliyesema baada ya hapo simkumbuki. Leso ya Kabula niliitumia mimi, ikatoka na rangi ya tope. Najiat akaninong'oneza nisimgeukie mpiga picha, nami nikageuka. Nilikuwa na mifereji miwili, kutoka machoni hadi kidevuni.

Jumapili maharusi walipita kwangu kuchukua begi la Kabula, naye akaingia saluni mara moja, kisha wakaendelea na safari ya Ipole. Nilijitia nina kazi nyingi, nikawaaga kwa haraka.

Jumatatu nilifungua saluni peke yangu. Nilipochukua daftari kumwandikia mteja siku yake, nikaona chini ya matokeo yetu mwandiko wa Kabula, wino bado mpya:

"Mwenye ngozi kavu, inamfaa. Isipokuwa siku anapomwoza mtoto wake."