Kibanda Kilichokwama Darajani

Tak. Kufuli la sanduku lilifungwa gizani, kisha kukawa kimya, kana kwamba aliyelifunga ameshtushwa na kelele yake mwenyewe.

Permelia alikuwa macho, mtoto mchanga ananyonya. Kufuli lile alilijua. Lilikuwa la mama mkwe wake, Jerusha, na halikuwahi kufungwa tangu mama huyo alipofiwa na mumewe akahamia kwao. Permelia akainuka, mtoto bado kifuani, akanyata hadi chumba cha pili.

"Mama, kulikoni? Hata jogoo hajaamka."

"Naenda kwa dada yangu Keziah." Jerusha alikuwa ameketi juu ya sanduku, kofia kichwani, utepe umekazwa kidevuni. "Gari la farasi la abiria linapita ng'ambo ya mto asubuhi hii. Asahel akishawatangazia watu kwamba kazaliwa kibandani, mimi simo tena nyumbani mwake. Basi."

Asahel Wheelock, mwanawe, mume wa Permelia, alikuwa anagombea kwenda bungeni Washington. Na katika jimbo la Ohio, mwaka ule wa 1840, mgombea ambaye hakuzaliwa kwenye kibanda cha magogo kama wapiga kura maskini alitazamwa kama bwana harusi aliyekuja pekupeku. Kamati ya chama ikachapisha kijitabu cha maisha yake. Mwandishi hakujisumbua kuuliza mtu. Akaandika kwamba Asahel alizaliwa kibandani, sakafu ya udongo, mbwa mwitu wanalia mlangoni. Asahel alipokisoma alicheka hadi akapaliwa. "Siasa hiyo, mke wangu. Kila mtu anajua imetiwa chumvi."

Kumbe watu hawakujua. Walikiamini neno kwa neno, wakajenga kibanda kizima juu ya gari la maksai ili waandamane nacho hadi uwanja wa mji, pipa la pombe ya matofaa likiwa ndani. Asahel mwenyewe alilala huko kwa mwenyekiti wa kamati, Bwana Hoadley, ili atoke nacho alfajiri.

"Lakini ni mzaha tu, Mama," Permelia alisema.

"Mzaha?" Jerusha akashusha sauti. "Kibanda tulikuwa nacho, mwanangu, tulipofika kutoka Connecticut. Nilimzaa humo binti yangu wa kwanza, Dorcas. Theluji ilipenya kati ya magogo ikamwangukia usoni. Hakuvuka majira ya baridi. Mume wangu Jotham alimzika, akashuka mtoni kuchimba udongo, akaapa hakuna mtoto wake mwingine atakayezaliwa chini ya magogo. Alichoma matofali ya nyumba mpya mpaka mgongo ukapinda. Asahel alizaliwa rangi ya madirisha haijakauka. Leo anamnyang'anya baba yake nyumba ile, kwa ajili ya kura!"

Permelia alimkumbatia mtoto wake, akahisi joto la utosi wake kidevuni. Alikuwa hajawahi kulisikia jina la Dorcas.

"Asahel anajua?"

"Anajua alikuwa na dada akafa. Mengine ya nini kumwambia mtoto? Haya, utanipeleka, au nimwite jirani?"

Permelia akafunga farasi kwenye kigari, akapakia sanduku na mama mkwe, akamwamsha binti yake Almira, wakaondoka wote bila kuonja kitu. Farasi wao alikuwa mvivu kupindukia. Asubuhi ile Permelia aliushukuru uvivu wake.

Hawakufika mbali. Darajani watu walikuwa wamejaa pande zote mbili za mto.

Daraja lilikuwa na paa na kuta za mbao, kama madaraja mengi ya huko. Kamati ilikuwa imepima upana wa gari, ikapima kibanda, ikapima hata pipa. Dohani ya kutolea moshi, iliyoongezwa jioni ya mwisho ili kibanda kipendeze, hakuna aliyeipima. Sasa ilikuwa imenasa kwenye boriti, maksai wametokeza ng'ambo wakitafuna taratibu, na mgombea ameketi mlangoni mwa kibanda, shingo nyekundu kama nyanya.

"Wheelock!" walipiga kelele wapinzani kutoka ukingoni. "Umezaliwa humo, utazeekea humo!"

"Mleteeni blanketi!"

"Sukumeni!" alifoka Bwana Hoadley.

"Tukisukuma, tutabaki na daraja lisilo na paa!"

"Basi vuteni!"

"Tukivuta, utabaki na kibanda kisicho na mgombea!"

Jerusha akatazama mbele, midomo imebana. "Hata kuondoka nako, kibanda kinanizuia."

Permelia akamweka mtoto mapajani mwa bibi yake, akashuka, akajipenyeza kando ya gari hadi kwa mumewe. Akamwambia yote sikioni, haraka haraka, kabla ujasiri haujamwisha. Asahel aliacha kujipangusa jasho.

"Dorcas," alisema polepole.

"Hotuba! Hotuba!" watu wakadai.

"Anza na mbwa mwitu!" Hoadley akamnong'oneza.

Asahel akatoka hadi mlango wa daraja. "Jamani, sikuzaliwa kibandani. Nilizaliwa kwenye nyumba ya matofali."

Hoadley akajifunika uso kwa kofia.

"Basi wewe tajiri!" mtu akapaza sauti.

"Baba yangu Jotham aliyachoma matofali yale mwenyewe. Dada yangu alikufa kwa baridi ndani ya magogo, na baba hakutaka na mimi nife. Sitamtoa kwenye nyumba yake ili niingie bungeni. Asiyetaka kunipigia kura, asinipigie."

Stiles, mzee wa chama pinzani, akakohoa. "Dohani yangu aliijenga Jotham. Haijawahi kunirudishia moshi hata siku moja. Kura yangu hupati, kijana. Lakini dohani ni nzuri."

Watu wakaangua kicheko, safari hii bila sumu. Asahel akaomba shoka. Kibanda kikabomolewa, na waliokuwa wakizomea ndio waliofanya kazi kwa bidii zaidi, maana pipa lilikuwa nyuma ya magogo.

Njia ikafunguka. Ng'ambo, baragumu la gari la abiria likalia.

Asahel akaja, kofia mkononi. "Hukuniambia, Mama."

"Hukuuliza."

"Nauliza sasa."

Jerusha alimrudishia Permelia mtoto, akashika mpini wa sanduku. Dereva akapaza sauti kutoka ng'ambo, "Mama, unapanda au hupandi?" Permelia hakutaka aende; mwaka wote huu alikuwa amelea watoto wake kwa msaada wa mwanamke huyu.

Almira, aliyekuwa ameamshwa gizani na kusahauliwa na kila mtu, akavuta sketi ya bibi yake.

"Bibi, nina njaa," akasema.

Jerusha akauachia mpini wa sanduku, akaanza kufungua utepe wa kofia.